Ukurasa wa Arobaini na Saba

Ukuta wangu wa kwanza ulisimama siku tisini na moja
pale Kadutu, juu ya njia inayoteremka sokoni,
ambako nyumba hushikana mabega
kama watu wanaoogopa kuteleza.

Siku ya kupima nilivaa tai.
Nilikuja na kamba, na ramani yenye mhuri,
na diploma, ambayo sikuibeba,
lakini kila mtu aliiona begani pangu.
Nikasema: shinikizo la udongo,
pembe ya msuguano, kigezo cha usalama.
Mengine niliyasema kwa Kifaransa,
hasa yale niliyoyaelewa kidogo kuliko yote.
Wakuu wa mtaa wakaitikia kwa vichwa.
Nikadhani wamekubali.
Kumbe walikuwa wananisindikiza tu.

Nsimire, binti wa Mama Cibalonza,
alikuwa anapanda na bidoni ya maji mgongoni,
kamba imembana paji la uso.
Akasimama.
“Na maji yatapitia wapi?”
Nikamjibu kwa neno refu kuliko swali lake.
Akainama tena, akaendelea kupanda.
Fundi Murhula akakohoa,
akautazama mwiko wake,
akachanganya simenti.

Mvua ya Novemba haisomi ramani.
Alfajiri ukuta ulikuwa umelala kifudifudi
juu ya jiko la Mama Cibalonza,
juu ya cherehani yake na kuku wawili.
Wenyewe walikuwa matangani, kule Bagira.
Kifo cha mtu mwingine kiliwaokoa.
Hesabu ya namna hiyo sikuwahi kufundishwa.

Nilirudi nyumbani nikafukua madaftari.
Ukurasa wa arobaini na saba:
*Nyuma ya kila ukuta maji hutafuta njia. Acha matundu.*
Mwandiko wangu. Wino wangu mwekundu,
mstari umepigwa chini yake mara mbili, kwa rula.
Swali hilohilo lilikuja kwenye mtihani,
nikapata kumi na saba juu ya ishirini,
mama akaninunulia Fanta.

Basi msiniambie shule ilinidanganya.
Shule ilisema. Mimi nilinakili.
Niliyahamisha maji yale toka ubaoni hadi daftarini,
toka daftarini hadi karatasi ya mtihani,
na tone moja halikunilowesha.

Wala msiniambie kwamba mtaa ndio chuo.
Nilimwendea Murhula. Akasema,
“Niliona. Lakini wewe ndiye uliyesoma.”
Miaka thelathini ya mwiko
ilinyamazishwa na tai ya mtumba.
Na ukuta wake wa Funu, alioujenga bila mimi,
nao ulianguka, nao haukuwa na tundu.
“Baba yangu alijenga hivyo,” akasema,
na sauti yake niliitambua:
naye ana ukurasa wake,
naye amepiga mstari mara mbili.

Nikamwuliza Nsimire alijuaje.
Alikuwa anaosha sufuria, hakuinua uso.
“Sikujua. Ndiyo maana nilikuuliza.”

Tumeujenga upya, mawe yaleyale,
kwa mshahara wangu, ukija.
Tumeacha matundu kumi na mawili.
Kila mvua inapoanza nashuka na tochi
kuyahesabu kama mtu anayehesabu watoto.
Kumi na moja yanatema maji
ya rangi ya chai ya maziwa.

La nne kutoka kushoto ni kavu.
Nimechomeka kijiti. Nimeweka sikio.
Nimefungua daftari, ukurasa kwa ukurasa,
nikalifunga.
Murhula anasema ni jiwe limeziba. Labda.
Nsimire anasema maji yamepata njia nyingine,
na tukae tukijua ni ipi kabla ya Aprili.

Sijui, nimewaambia,
na jirani mmoja akacheka: mhandisi mzima!
Nimelowa mpaka soksi.
Nimepiga magoti kwenye tope,
shavu ukutani, nasikiliza.